Mkonge, Kortisoni na Mkorogo

Historia ya dawa aghalabu huandikwa kana kwamba dawa huzaliwa katika maabara na kuishia katika mwili wa mgonjwa. Shamba lililotoa malighafi, mikono iliyovuna, na soko ambamo dawa hiyo hiyo huja kuuzwa baadaye pasipo tabibu, havipewi nafasi. Kwa dawa za jamii ya steroidi upungufu huo ni mkubwa, kwa sababu sehemu ya historia yake ilipita katika nchi ya Tanganyika. Watu wa Shinyanga na wa ukanda wa dhahabu wa Geita wamekutana na jamii hii ya vitu kwa njia tatu: kwa kazi ya mkonge, kwa vipodozi vya kuchubua ngozi, na kwa vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Katika njia zote tatu vitu vilisafiri upesi, na elimu yake ikachelewa njiani. Kutokana na kuchelewa huko limezuka jambo la kusikitisha: steroidi inayofaa huogopwa, na steroidi inayodhuru hupakwa usoni kila asubuhi.

Kabla ya kuieleza historia hiyo ni vyema kusema steroidi ni nini. Ni jamii ya vitu ambavyo umbo lake la msingi ni pete nne za kaboni zilizoshikamana, tatu zenye pembe sita na moja yenye pembe tano. Mwili wa binadamu huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo hutoa kortisoli, ambayo husimamia sukari ya damu, shinikizo la damu na ukali wa uvimbe. Tezi hizo hizo hutoa aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isipotee katika mkojo. Ovari za mwanamke hutoa estrojeni na projesteroni; korodani za mwanamume hutoa testosteroni. Tofauti ya umbo baina ya homoni hizi ni ndogo mno, hata mwili wenyewe huweza kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni, kwa mwanamke na kwa mwanamume pia.

Homoni nyingi hubisha hodi nje ya seli. Steroidi hupenya utando wa seli kwa urahisi, hushikana na kipokezi chake ndani, na pamoja nacho huamua ni jeni zipi zitumike na zipi zinyamaze. Kwa kuwa vipokezi hivyo vimo katika mifupa, ngozi, mishipa, ubongo na viungo vya uzazi, steroidi moja hutenda mambo mengi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Neema au balaa ya steroidi hutegemea mambo matatu: kiasi, muda, na mahali inapotumika. Mambo hayo matatu hayana budi kukumbukwa katika kila hatua ya maelezo yafuatayo.

Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Rochester, Marekani, tabibu Philip Hench alimdunga mwanamke mmoja sindano ya kitu ambacho mwanakemia Edward Kendall alikuwa amekipata kutoka tezi za juu ya mafigo. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 29, na baridi yabisi ilikuwa imemlemaza viungo. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Kitu hicho kilikuja kuitwa kortisoni. Habari zake zilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wa Uswisi walipewa tuzo ya Nobel. Lakini furaha haikukaa muda mrefu bila kuchanganyika na fundisho. Wagonjwa waliopewa kiasi kikubwa kwa muda mrefu walivimba uso ukawa wa duara, shinikizo la damu na sukari vikapanda, mifupa ikadhoofika, na wengine wakafadhaika akili. Maarifa ya madhara ya kortisoni, kwa hiyo, yana umri karibu sawa na dawa yenyewe.

Shida ya pili ilikuwa upatikanaji. Kortisoni ya kwanza ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa kazi ya kemia yenye hatua zaidi ya 30, na bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa watu wa kawaida. Kwa sababu hiyo wanasayansi waligeukia mimea. Iligunduliwa kuwa mimea kadhaa ina vitu vinavyotoa povu kama sabuni, na kwamba kiini cha baadhi ya vitu hivyo ni pete nne zile zile. Huko Mexico, katika miaka ya 1940, Russell Marker alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa kiazi kikuu cha mwituni huweza kutoa projesteroni kwa wingi. Tatizo lililobaki kwa kortisoni lilikuwa dogo kwa jicho, kubwa kwa kemia: inahitaji oksijeni katika kaboni ya 11, nayo mimea mingi haina kitu mahali hapo.

Hapo ndipo mkonge ulipoingia. Mmea huu ulikuwa umeletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache ulizaliwa uchumi mzima. Kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za nyuzi kwa mwaka, na hapakuwa na nchi duniani iliyoishinda. Hata hivyo nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani la mkonge, yapata sehemu 4 katika 100. Zinazobaki ni nyama ya jani na utomvu, ambavyo mashine ya kukwangua ilivitapika na maji yakavichukua mpaka mitoni. Wafanyakazi waliiita mashine hiyo korona, jina la aina yake, miongo mingi kabla neno hilo halijawa jina la ugonjwa.

Mwaka 1951 wanakemia watatu wa Uingereza, R. K. Callow, J. W. Cornforth na P. C. Spensley, walitangaza kuwa katika taka hizo za mkonge wa Afrika ya Mashariki mna hekojenini. Hii ni steroidi ya mmea yenye oksijeni katika kaboni ya 12, jirani kabisa na mahali palipohitajika. Kuihamisha oksijeni hatua moja kulikuwa kazi ngumu, lakini kazi yenye kuwezekana. Utomvu uliokuwa ukimwagwa ulianza kukusanywa. Uliachwa uchachuke, mashapo yake yakatayarishwa kwa kemia na kukaushwa, kisha yakasafirishwa kwenda Uingereza. Kampuni ya Glaxo iliyatumia kutengeneza kortisoni, na baadaye betamethasoni, steroidi yenye nguvu kupita kortisoni mara nyingi. Cornforth alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1975 kwa kazi nyingine ya kemia.

Shinyanga iliingiaje katika habari hii, nayo iko mbali na Pangani na Tanga? Iliingia kwanza kwa miguu ya watu wake. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, tangu utawala wa Wajerumani. Walikwenda kwa safari ya majuma mengi kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu kutoka majimbo ya mbali. Kilimo cha pamba kilipostawi Usukumani, vijana wengi walibaki kwao, na nafasi zao zikajazwa na watu wa makabila mengine. Lakini njia ya kwenda mkongeni ilikuwa imekwisha kukanyagwa na baba zao.

Pili, mkonge wenyewe ulihamia Shinyanga. Wasukuma waliupanda kuwa ua wa mipaka ya mashamba na ya miji yao, kwa kuwa ni mmea unaovumilia ukame, na ng'ombe hapendi miiba yake. Nyuzi zilikwanguliwa kwa mkono na kusokotwa kamba. Vita vya Korea vilipopandisha bei ya nyuzi mwaka 1950 na 1951, ua huo wa kienyeji uligeuka bidhaa ya kuuzwa ng'ambo. Utomvu wake, lakini, haukuingia katika pipa la mtu yeyote. Viwanda vilihitaji wingi wa taka uliokusanyika mahali pamoja, nao ulipatikana katika mashamba makubwa yenye korona. Utomvu wa ua wa Shinyanga ulidondoka chini na kukauka juani.

Kila aliyewahi kukwangua mkonge anajua kuwa utomvu wake huwasha ngozi, na mikono ya mkwanguaji huweza kutoka vipele. Katika utomvu huo huo uliowasha ndimo ilimotoka malighafi ya malhamu ya kutuliza mwasho. Kibarua aliujua mwasho, asijue dawa. Mgonjwa wa ng'ambo aliijua dawa, asijue mwasho. Hakuna aliyefanya njama ya kuwaficha vibarua jambo hili. Hapakuwa na aliyeona haja ya kuwaambia, na kutoona haja huko kumeendelea kwa namna nyingine hadi leo.

Biashara ya hekojenini haikudumu kuwa kubwa. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn ya Marekani waligundua kuvu anayeweza kutia oksijeni katika kaboni ya 11 kwa hatua moja, na kiazi kikuu cha Mexico kikapata nguvu mpya. Baadaye viwanda viligeukia mafuta ya soya yanayochachuliwa na vijidudu. Upande wa nyuzi, kamba za plastiki ziliangusha bei tangu katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, lakini soko lilikuwa limekwisha kudhoofika. Mkonge uliondoka katika historia ya steroidi kimya kimya, kama ulivyoingia.

Steroidi zenyewe ziliendelea, na manufaa yake hayana shaka. Mgonjwa wa pumu huvuta kiasi kidogo sana kifikacho mapafuni, akalala usiku bila kukosa pumzi. Mwaka 1972 G. C. Liggins na R. N. Howie wa New Zealand walionyesha kuwa mama aliye karibu kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi na nafasi yake ya kuishi huongezeka. Mwezi wa Juni mwaka 2020 jaribio lililofanywa Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliopumua kwa mashine kwa theluthi moja, na vya waliohitaji oksijeni kwa sehemu moja katika tano. Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei ndogo. Katika mifano yote mitatu kiasi kimepimwa, muda umewekewa mpaka, na mahali pamechaguliwa.

Mkorogo ni kinyume cha hayo yote. Neno lenyewe, litokanalo na kukoroga, lakiri kuwa vilivyomo havijulikani sawasawa: ni mchanganyiko wa malhamu, losheni na sabuni unaokusudiwa kuifanya ngozi nyeusi iwe nyeupe. Miongoni mwa vinavyochanganywa mna betamethasoni na klobetasoli, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi. Uwezo wa steroidi kuipausha ngozi haukugunduliwa sokoni. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walibuni njia ya kupima nguvu za dawa hizi kwa kutazama jinsi zinavyobana mishipa midogo na kuifanya ngozi ipauke. Kilichokuwa kipimo cha maabara kikawa shabaha ya urembo. Tena, zikitumiwa kwa muda mrefu, dawa hizi huzifanya seli zinazotengeneza rangi zipunguze kazi yake.

Biashara ya vipodozi hivyo ilienea katika miji ya Tanzania, na miji iliyokua kwa fedha ya dhahabu haikubaki nje. Machimbo ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo wachimbaji wadogo wamejaa Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko. Palipo na fedha ya ghafla pana duka la ghafla, na dukani bidhaa inayoahidi uzuri haikosi mteja. Asilaumiwe mnunuzi peke yake. Anayeona kuwa weupe huthaminiwa katika matangazo, katika ajira na katika posa, hununua kile ambacho jamii imemfundisha kukitamani.

Ukanda huu una sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini, nayo ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Kwa hiyo watafiti walipokuja kupima zebaki katika nywele za watu wa kanda ya Ziwa Victoria, walitazamia kuiona migodini. Utafiti wa Masazumi Harada na wenzake wa Japani, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Wengi walikuwa na kiasi kidogo. Katika wachache waliokuwa na kiasi kikubwa, karibu wote walishukiwa kuipata katika sabuni ya kuchubua ngozi. Zebaki iliyoogopwa machimboni ilikuwa imeingia nyumbani kwa mlango wa bafu. Zebaki si steroidi, bali chuma chenye sumu kinachodhuru mafigo na mishipa ya fahamu. Lakini katika mkorogo viwili hivi huweza kukutana, na mwenye kujipaka hana njia ya kuvitenganisha.

Madhara ya steroidi katika ngozi huja kwa mpango. Mwanzoni ngozi hung'aa na chunusi hunyauka, maana uvimbe umezimwa, na mtumiaji hushawishika kuwa amepata dawa njema. Baada ya majuma au miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hujitokeza mapajani na mikononi, na kidonda hukawia kupona. Fangasi hukua chini ya kificho, kwa sababu wekundu na mwasho ambao ungeonyesha kuwapo kwake vimenyamazishwa. Akiacha ghafla, uso huwaka moto na kuvimba. Naye, kwa kudhani kuwa ugonjwa umerudi, huongeza dawa. Hivyo ndivyo mtu anavyofungwa na kitu alichokinunua kwa hiari yake.

Ngozi nayo si ukuta usiopenyeka. Matabibu huelekeza kuwa klobetasoli isizidi gramu 50 kwa juma, wala isitumiwe mfululizo zaidi ya majuma mawili. Anayejipaka mwili mzima kila siku kwa miaka hupita mpaka huo mara nyingi, na dawa huingia katika damu. Tezi za juu ya mafigo, zikiona kuwa kazi yake inafanywa na mwingine, hulala. Uso huwa wa duara, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika. Ikitokea ajali, homa kali au upasuaji, wakati ambao mwili wenye afya huongeza kortisoli ili kujiokoa, tezi zilizolala haziwezi kuitika, na mtu huweza kufa kwa jambo ambalo lingeponyeka. Katika machimbo iko hatari nyingine. Vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kuifungulia njia kifua kikuu, na steroidi za vidonge, zikinywewa ovyo kwa ajili ya maumivu ya mgongo au ili kunenepa, huupunguza ulinzi wa mwili ambao ungekizuia kifua kikuu kilicholala kisiamke.

Serikali haikukaa kimya. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nao umeyabana matumizi ya zebaki katika vipodozi na katika uchimbaji. Sheria hizi ni za haki. Lakini sheria humnyang'anya mtu kopo. Haimwelezi kilichomo ndani yake, na kopo jingine huja kwa njia za panya.

Sasa na itazamwe njia ya tatu, ambayo hofu yake ni kinyume cha mapenzi hayo. Estrojeni ya kwanza ilitengwa ikiwa safi mwaka 1929, na Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa kazi yake. Mwaka 1951, Mexico, kiazi kikuu kilitoa norethisteroni, homoni ya jamii ya projesteroni yenye kufanya kazi hata ikimezwa, na mwaka 1960 Marekani iliruhusu kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba. Tanganyika chama cha uzazi wa mpango kilianza Dar es Salaam mwaka 1959 na baadaye kikajulikana kwa jina la UMATI. Tangu mwaka 1974 huduma hiyo iliingizwa katika zahanati za mama na mtoto. Sindano ya miezi mitatu imekuwa njia inayopendwa na wanawake wengi wa vijijini, kwa kuwa haihitaji kukumbukwa kila siku wala haionekani na mtu.

Sindano hiyo husemwa mara nyingi kuwa inaua kizazi. Ukweli ni mwembamba kuliko uvumi. Homoni iliyomo huzuia yai lisitoke, huvuruga mpangilio wa hedhi, na baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa; lakini hurudi. Uzito wa mifupa hupungua kidogo wakati wa kuitumia na huongezeka tena baadaye. Mwanamke asiyeelezwa haya mapema, akiona hedhi imekatika, ana haki ya kuogopa, na hofu yake itakuwa fundisho kwa jirani zake kumi. Kidonge chenye estrojeni kina tahadhari zake pia: huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa, hivyo hakimfai mwenye shinikizo kubwa la damu, wala mvutaji wa sigara aliyevuka miaka 35, wala mama aliyejifungua majuma machache yaliyopita.

Katika ukanda wa migodi palikuwa na swali zito zaidi. Virusi vya Ukimwi vimeziumiza sana jamii za machimbo, na tafiti za miaka mingi zilitia shaka kuwa sindano hiyo huenda humrahisishia mwanamke kuambukizwa. Shaka hiyo haikuweza kutatuliwa kwa maneno. Tangu mwaka 2015 hadi 2018 wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia walishiriki katika jaribio lililoitwa ECHO. Kituo chake cha Kenya kilikuwa Kisumu, ng'ambo ya ziwa lile lile linalopakana na Geita. Waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya sindano, kipandikizi na kitanzi cha shaba. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi baina ya njia hizo tatu. Yalionyesha vile vile kuwa maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote, jambo linalomkumbusha kila mtu kuwa homoni huzuia mimba, haizuii virusi.

Estrojeni haimwachi mwanamke hata umri wa kuzaa ukipita. Hedhi inapokoma, kiasi chake hushuka, na mifupa, ambayo kwa miaka mingi ililindwa nayo, huanza kupoteza uzito. Bibi anayevunjika nyonga kwa kuteleza kisimani huenda alianza kuvunjika miaka 20 nyuma. Lakini kumrudishia estrojeni kila mwanamke si suluhisho. Utafiti mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, ulionyesha kuwa estrojeni ikitolewa pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni ilipunguza kuvunjika kwa mifupa, lakini ikaongeza saratani ya matiti na kiharusi. Uhusiano wa homoni na saratani hiyo ulishukiwa zamani: mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow alitangaza kuwa alitoa ovari za mgonjwa wa saratani ya matiti na kuona uvimbe ukinywea, kabla neno estrojeni halijakuwapo. Leo uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni hutibiwa kwa kidonge cha tamoksifeni, ambacho hukalia nafasi ya homoni. Mgonjwa wa Shinyanga au Geita aghalabu hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Na kama atafika mapema au akiwa amechelewa, hutegemea sana alichoambiwa kijijini juu ya uvimbe usiouma.

Mambo haya matatu yakiwekwa pamoja, fundisho lake ni moja. Kibarua wa mkonge hakuambiwa kilichokuwa katika utomvu. Mnunuzi wa mkorogo haambiwi kilichomo katika kopo. Mwanamke wa zahanati huambiwa machache juu ya sindano, na pengo lililobaki hujazwa na uvumi. Uzoefu umeonyesha kuwa watu hawakosi akili ya kufahamu. Msukuma aliyejua ni mti upi hufukuza mchwa na ni nyasi zipi za kuhifadhiwa katika ngitili hadi kiangazi, hatashindwa kuelewa kuwa kiasi, muda na mahali ndivyo vinavyotenga dawa na sumu. Kinachokosekana ni maelezo katika lugha anayoielewa. Karatasi nyingi zinazofungwa pamoja na dawa zimeandikwa kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo, na mara nyingine dawa huuzwa pasipo karatasi yenyewe.

Kiswahili hakishindwi na kazi hiyo. Kina baridi yabisi, kina ukurutu, kina zebaki na nyongo, nacho kimekwisha kuzipokea homoni na estrojeni bila kuumia koo. Kinahitaji watu wa kuyaandika mambo haya kwa ukweli na bila kutisha, katika kopo la dawa, katika ukuta wa zahanati, katika kitabu cha darasa la saba. Mkonge ungali ukipandwa Shinyanga, na Serikali imeuhesabu tena miongoni mwa mazao ya kimkakati ya nchi. Atakayeukwangua safari hii ana haki ya kujua, pamoja na bei ya nyuzi, kilichomo ndani ya utomvu unaomwasha mikono.